Siku za Ellis na Michaelson

Jumatano, 12 Februari 2025. Kibera
Nimepata viatu vya mlima soko la Toi kwa shilingi 1,200, soli ingali na meno. Fundi ameshona zipu za mahema ya kuazima kibandani kwake Gatina, Kawangware. Mwalimu ana jiko la gesi. Mama Chapo amepika chapati za siku mbili. Pesa za chama chetu zimeishia kwenye kiingilio cha hifadhi ya Mlima Kenya na malipo ya Mzee atakayetuongoza.

Alhamisi, 13 Februari. Lango la Chogoria
Embu, Chuka, Chogoria, kisha gari la kukodi katikati ya mianzi. Mavi ya ndovu njiani, bado yanafuka. Tuko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mzee ametuamuru tunywe maji hata bila kiu. Vidole vimekufa ganzi, naacha hapa.

Ijumaa, 14 Februari. Ziwa Ellis
Ziwa liko wazi kabisa kwenye nyasi ngumu, upepo unalikunja toka ng'ambo hadi miguuni petu. Mama Chapo alivua viatu, akaingia hadi magotini, akapiga kelele kwa baridi na akakataa kutoka. Amelelewa Silanga, Kibera, jirani na Bwawa la Nairobi, na leo ndiyo mara ya kwanza ameona vidole vyake ndani ya maji ya ziwa.

Tukalizungumzia bwawa hilo hadi usiku. Lilijengwa 1953. Nyanya mmoja wa mtaa wa Makina, Kibera, huwasimulia wajukuu habari za mashua za tanga zilizoshindana pale. Sasa Mto Motoine unashuka na uchafu wa vyoo na plastiki, tope limejaa, magugumaji yamefunika kilichosalia. Fundi anasema wachafuzi ni sisi wenyewe. Nilimbishia kwa hasira. Mtaa usio na mabomba ya majitaka wala gari la taka upeleke wapi uchafu wake? Wanubi wameishi Kibera zaidi ya miaka 100, na bado mipango ya jiji inatuhesabu kama wapita njia. Fundi hakunijibu, ila alinimiminia chai.

Jumamosi, 15 Februari. Ziwa Michaelson
Kichwa kiliniuma asubuhi nzima. Tulipoteremka Bonde la Gorges nikakisahau: genge la Temple limesimama wima juu ya maji ya kijani, lobelia zimepanga foleni ukingoni. Barafu ndiyo iliyochonga bonde hili zamani. Huko juu, barafu ya Lewis imebaki vipande. Mzee anasema ujanani aliikanyaga mahali ambapo leo ni kokoto tupu.

Hapa Mto Nithi unaanza safari yake kuelekea Mto Tana. Mzee alitukataza kuosha sufuria ziwani. Maji machafu yamwagwe mbali, na kila karatasi irudi begini. Nikamwambia Fundi: tazama, maji haya yana kanuni, na yana askari wanaolipwa kuyalinda. Safari hii alikubali.

Mwalimu anataka kuleta darasa lake likizo ya Agosti, kabla mvua za vuli hazijaanza. Fundi amejitolea kushona mahema kwa turubai. Anamuuliza Mzee hema moja lilaze watoto wangapi, na wote wawili wanapima kwa hatua kwenye nyasi.