Kabla Hujaiuza Saa ya Babu

Mombasa

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na picha za saa ya marehemu babu yako nimeziona. Unasema dalali wa Kariakoo ameshakupa bei, na kuna fundi anataka kuing'arisha kwanza ipendeze kwa mteja. Dalali asijibiwe kwa sasa. Huyo fundi mshukuru, lakini saa asiiguse.

Saa kongwe hupata bei kwa yale ambayo hayajachezewa. Chuma kikisuguliwa kwa mashine, zile kingo kali za pale mkanda unapofungwa huliwa zikawa mviringo, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Uso ukipakwa rangi upya ndiyo hasara kubwa kabisa. Mnunuzi anayejua saa atauchukua uso wenye madoa ya miaka sitini akauacha uliopakwa jana, tena atautambua mara moja kwa maandishi mazito yaliyokaa upande. Hata mikwaruzo ya kifuniko cha nyuma iache ilivyo.

Hiyo ni Omega Seamaster, jina lililoanza mwaka 1948. Babu yako aliinunua Aden enzi zake za ubaharia. Aden ilikuwa bandari isiyotoza ushuru, na watu wa melini walikuwa wakitoka huko na saa na redio. Muulize mama yako kama risiti ingali kwenye sanduku la vyeti, na kitabu cha ubaharia cha mzee nacho kitafutwe. Mnunuzi hailipii hadithi, ila karatasi yenye tarehe huilipia.

Kisha tafuta fundi saa mwenye ufunguo wa kifuniko unaofaa, aifungue mbele ya macho yako, nawe upige picha. Mashine ya Omega ya wakati huo ina rangi ya shaba nyekundu, na juu yake imechongwa namba. Ikiwa na tarakimu nane zinazoanza na 20 au 21, saa ni ya mwaka 1963 au 1964 hivi. Geuza kifuniko usome namba iliyo ndani yake. Inayoanza na 166 ni ya saa ya otomatiki yenye tarehe. Inayoanza na 165 ni otomatiki isiyo na tarehe. 135 ni ya kutia ufunguo, bila tarehe. Kwenye picha yako naona dirisha la tarehe. Basi kifuniko kikisema 165, ujue saa mbili zimeunganishwa zikawa moja, na bei yake hushuka sana.

Omba na lenzi ya fundi, uinamishe saa kwenye mwanga. Katikati kabisa ya kile kioo cha plastiki, kama ni cha kiwandani, utaona alama ya Ω ndogo mno, inayojitokeza na kupotea kadiri unavyoigeuza. Mimi kila nikiiona hufurahi. Isipokuwepo usihuzunike, vioo hubadilishwa.

Angalia pia ile dawa ya kung'aa gizani kwenye mishale. Ya enzi hizo ilishachoka. Ikiwaka kijani kwa muda mrefu, imepakwa baadaye. Na chini ya uso, pembeni mwa maneno ya Swiss Made, tafuta herufi T mbili, maana yake ni tritiamu. Zikikosekana, huenda ni rediamu, ambayo hata ikiacha kung'aa sumu yake ingalipo. Mtu asiikwangue wala asiipulize vumbi lake.

Usione ninakuchosha. Novemba 2021 huko Geneva, Omega Speedmaster iliuzwa na mnada wa Phillips kwa faranga zipatazo milioni 3.1 za Uswisi, na mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kama wenye kiwanda waliuziwa hivyo, wewe na mimi tusiamini picha ya simu.

Kuhusu bei, usiisome kwenye matangazo ya wauzaji, kila mtu hutaja anachotamani. Tazama matokeo ya minada ya saa yenye namba hiyohiyo ya kifuniko na hali kama yako, kisha utoe ada ya mnada na gharama ya fundi. Seamaster za chuma za miaka hiyo zilitengenezwa nyingi. Tarajia mamia ya dola, usitarajie nyumba. Kama mashine imefanyiwa matengenezo au imebadilishwa kitu, mwambie mnunuzi waziwazi. Jina la babu yako limo humo.

Nitumie picha ya mashine, ya ndani ya kifuniko na ya uso, zote mchana bila mwanga wa taa. Kabla sijazijibu, usipokee arubuni ya mtu yeyote.

Mjomba wako