Injini yetu tuliifungua mara mbili

Wiki hii ni zamu yetu kuandika. Sisi tuko watano, wavulana wanne na dada mmoja, tunakaa Nakivale upande wa Base Camp. Tunataka kuwaeleza habari ya injini ya pikipiki ambayo tuliifungua mara mbili. Mara ya kwanza wengi mliisikia, kwa sababu tulipigwa picha. Ya pili hatukumwambia mtu.

Hapa Uganda mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Wenzetu wa nchi nyingine wanajua hilo si jambo la kila mahali. Kwa hiyo mwaka 2023, mgawo wa chakula ulipopunguzwa na nyumba nyingine zikatolewa kabisa kwenye orodha, kila kijana hapa aliwaza boda. Shida ni kwamba pikipiki mpya ni mamilioni. Sisi tulikuwa na laki tatu za kwetu. Tukaenda kwenye kikundi cha akiba, wengi wao ni mama zetu, tukakopa laki saba. Tukanunua Bajaj Boxer ya sisi kwa sisi, yaani iliyokufa, kwa laki nane. Mbili zikabaki za spea.

Tuwaambie kidogo ile injini ikoje. Ina silinda moja, inapoozwa na upepo tu, na ukubwa wake ni sisi 99 na kitu, ingawa watu wanaiita mia. Pistoni yake ina upana wa milimita 53, inakaa vizuri kwenye kiganja. Tulipoiwasha kwa mwenyewe ilitoa moshi wa buluu hadi kuku wakakimbia. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mwenyewe aliyetuuzia alikuwa ametoa sponji ya kichujio cha hewa, eti ili ipate nguvu. Sasa nyie mnaijua barabara yetu wakati wa kiangazi. Lile vumbi jekundu linaingia na hewa, linapita kati ya ringi na ukuta wa silinda, linasaga kama msasa. Ringi zikishaisha, oili inapanda juu inaungua, na mgandamizo unashuka chini.

Basi tukaifungua wenyewe. Mmoja wetu alikuwa amesaidia kwa fundi miezi minne, wengine tulikuwa na simu na video. Tuliifungua nje, chini ya mti, upepo unapuliza. Tukanunua pistoni mpya na ringi, tukatumbukiza kwenye silinda ileile ya zamani bila kuipima. Tukasugua valvu kidogo. Gasketi ya hedi ilikuwa imechanika pembeni, na hela zilikuwa zinaisha, kwa hiyo tukachukua gundi ya gasketi, ile nyekundu ya kwenye tyubu, tukapaka. Tukapaka nyingi, kwa sababu tulifikiri nyingi ndiyo salama.

Ikawaka kwa kiki ya tatu. Jamani, ile siku! Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Wiki ileile mgeni mmoja wa shirika alipita na kamera, kijana mpole, akatuuliza maswali mazuri, akatupanga mbele ya pikipiki. Picha ile ikabandikwa kwenye ukuta wa ukumbi, na maneno chini yake kuhusu vijana wanaojitegemea. Bado tunaipenda ile picha. Mikono yetu ina oili mpaka kwenye viwiko.

Siku ya 19 ilikufa.

Ilikuwa usiku, saa tatu hivi. Mwenzetu anayeendesha alikuwa amembeba mama mmoja na mtoto mwenye homa kali, anawapeleka kituo cha afya. Siku mbili kabla, injini ilikuwa imeanza kulia juu, kwenye hedi, ta-ta-ta-ta, na sisi tukasema ni tapeti tu, tutakaza Jumapili. Kwenye mlima ule wa kabla ya kituo ikapiga kelele kama chuma kinachokatwa, ikazima, na kiki ikawa nyepesi kama haijafungwa na kitu. Akasukuma pikipiki, mama akatembea na mtoto mgongoni. Ilipita karibu nusu saa ndipo boda nyingine ikapita ikawabeba. Ilikuwa malaria. Mtoto alipona. Yule mama anatusalimia vizuri, lakini akitaka usafiri anachagua boda nyingine, na hatumlaumu.

Tulificha pikipiki ndani ya nyumba, tukaifunika na turubai. Yule mgeni wa kamera alirudi baada ya wiki mbili akauliza, "Pikipiki iko wapi?" Tukamjibu, "Iko kazini." Rejesho la mkopo mwezi ule tulilipa kwa kukopa mahali pengine. Na sisi kwa sisi tulianza kunong'onezana. Huyu anasema yule ndiye aliyepaka gundi. Yule anasema huyu ndiye aliyekataa kununua gasketi. Tulikaa hivyo karibu miezi miwili, injini iko mbele ya macho yetu, hakuna anayetaka kuifungua. Tulikuwa tunasema hatuna hela. Ukweli, tulikuwa tunaogopa kuona ndani kuna nini.

Sasa, mmoja wetu ana ugonjwa wa video za mbio za magari za Marekani. Siyo zile za kuzunguka. Ni zile ambazo magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka kijani, yanakimbia mstari mmoja ulionyooka wa robo maili, kama mita 402, basi, imekwisha. Huwa yanakuwepo magari ya zamani ya miaka ya 1960, kama Plymouth Barracuda ya 1968 yenye injini wanayoiita 426 Hemi. Silinda nane, lita saba. Dada yetu alipiga hesabu: ni karibu mara sabini ya injini yetu. Tulikuwa tunamcheka huyu mwenzetu, mkimbizi wa Nakivale na magari ya vile wapi na wapi.

Lakini usiku mmoja alituonyesha sehemu ambayo sisi tulikuwa tunairuka. Mbio zimekwisha, gari limerudi, na wanaifungua injini. Haijafa! Inafanya kazi vizuri, na bado wanaifungua. Wanatoa plagi wanaziangalia rangi. Wanatoa beringi, wanazigeuza kwenye mwanga, wanatafuta mkwaruzo. Kwenye daraja la juu kabisa la mbio zile, magari yanayotumia nitromethane, injini inafumuliwa na kufungwa upya kati ya raundi moja na nyingine, siku hiyohiyo, na kila mtu wa timu ana kazi yake. Hakuna anayeona haya. Mwenzetu akasema, "Oneni, hawa hawaulizi nani. Wanauliza wapi." Tulinyamaza. Kesho yake tukatoa turubai.

Safari hii tulimwita Mzee. Hatutamtaja jina. Kule Uvira alitengeneza malori miaka mingi, na hapa analima maharage. Akasema masharti mawili: tufungulie ndani, na kila kipande kiwekwe juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule wa kutoka. Dada yetu akaandika kila kitu kwenye daftari.

Hedi ilipotoka, tuliona. Cheni ya taimingi imekatika. Kamshafti imekwaruzika na kuwa buluu kwa joto, ikashika mahali pake, ndiyo sababu cheni ilishindwa. Valvu moja imepinda, na juu ya pistoni mpya kuna alama yake, kama mwezi mchanga. Mzee hakusema neno. Akachukua waya mwembamba, akauingiza kwenye tundu dogo la oili, lile ambalo oili inapandia kutoka chini kwenda kulainisha kamshafti. Waya haukupita. Akasukuma, kikatoka kipande cha gundi nyekundu, kirefu kama funza.

"Nani alipaka hii?"

Tuliangaliana. Halafu, hatujui ilikuwaje, watatu tukajibu pamoja, "Ni sisi, Mzee." Akaguna tu. Ndiyo maana hata hapa tunaandika "sisi". Aliyepaka anajijua, na waliosimama pale wakiona inavyofurika pembeni bila kusema kitu wanajijua pia.

Gundi ilikuwa nyingi. Tulipokaza hedi ikatoka pembeni ya gasketi, nyingine nje, nyingine ndani, ikaziba tundu. Kwa siku 19 juu kulikuwa kukavu. Ile ta-ta-ta ilikuwa inatuomba oili.

Na silinda je? Dada yetu aliingiza ringi peke yake ndani ya silinda, akaisukuma na pistoni ili ikae sawa, akapima mwanya kati ya ncha zake kwa vile vibati vya kupimia. Ulipaswa kuwa sehemu ndogo ya milimita. Ulikuwa mkubwa mno, yaani silinda ilikwishapanuka tangu kwa mwenyewe wa kwanza. Hata bila kosa la gundi, moshi ungerudi tu. Hilo lilituuma kuliko yote, kwa sababu kipimo kile ni kazi ya dakika tano.

Hela hatukuwa nazo, ndipo ikabidi tuende kikundi cha akiba tuseme ukweli. Tulisimama mbele ya mama zetu tukaeleza gundi, mama na mtoto, na turubai. Mmoja akauliza, "Kwa nini mlilipa rejesho kama vile hakuna kitu?" Hatukuwa na jibu. Walitusogezea muda miezi mitatu, wakakataa kutuongezea hata shilingi. Kwa hiyo wanne tulilima vibarua, dada akasuka nywele, wiki tisa. Silinda ikapelekwa Mbarara ikachongwa, tukanunua pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita, kamshafti, cheni, valvu mbili, na seti nzima ya gasketi. Tyubu ya gundi hatukununua.

Kufunga ilichukua siku mbili. Valvu tulizisaga mpaka tulipomimina petroli kwenye hedi na haikuvuja hata tone. Alama za taimingi tulizikagua kila mtu kwa zamu, watano wote, na Mzee wa sita. Kabla ya kufunga vifuniko vya tapeti alituzuia. Akatoa plagi ili injini isiwake, akasema tupige kiki tu na tuangalie ndani.

Tukapiga. Kavu. Tukabadilishana miguu. Kiki ishirini, thelathini, hakuna kitu, jasho linatoka, na kila mmoja anafikiria lile tundu. Kwenye arobaini na kitu dada akasema, "Subirini." Akamulika na simu. Oili ilikuwa inachungulia kwenye kamshafti, nyeusi inang'aa, halafu ikatiririka. Safari hii hakuna aliyepiga kelele.

Tulimtafuta yule mgeni wa kamera tukamwambia kwamba siku ile tulimdanganya. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama aitoe picha. Tukasema aiache, ila maneno ya chini tutamwandikia mengine. Haya mnayosoma tulianza kuyaandika kwa ajili ya ule ukuta, yakawa marefu.

Pikipiki ina wiki tano barabarani. Wiki mbili za kwanza tuliiendesha polepole, bila mizigo, bila abiria wawili. Sponji ya hewa tunaiosha kila Jumamosi. Oili ya kwanza tuliimwaga mapema, ikatoka na unga wa chuma unaometa. Mzee akaisugua katikati ya vidole, akasema ni ya injini mpya inayojizoesha. Ya pili tunamwaga Jumamosi hii jioni, pale chini ya mti, kwenye beseni jeupe. Mwenye pikipiki inayolia ta-ta-ta aje nayo, vibati vya kupimia tunavyo.