Mimi ndiye niliyejaza ile chupa

Paa la nyumba yetu kule Pande, Kilwa, lilikuwa linavuja kwenye matundu ya misumari. Kila mwaka baba alipaka lami juu ya lami, na kila masika tukapanga masufuria sebuleni. Oktoba iliyopita, kabla ya mvua, nilikwenda likizo nikamkuta ameamua kuanza upya.

"Lami mpya haishiki juu ya lami iliyokufa," alinieleza akiwa kwenye ngazi. "Hii imepasuka. Maji yanaingia chini yake, yanakaa, yanakula bati. Lazima itoke yote."

Alibandua asubuhi na mapema, kabla jua halijailainisha, maana ikiwa baridi inakatika vipande. Alitumia kabari ya mti; patasi, alisema, ingelikwangua bati na kuleta kutu. Mabaki yaliyong'ang'ania aliyafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kazi yangu ilikuwa kumpa vitu. Dumu la mafuta lilikuwa zito, nikamimina kidogo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, nikaiacha chini ya ngazi. Ndiyo, mimi, mwandishi wa habari za afya, niliyekwisha kuwaonya wazazi wengine juu ya jambo hilohilo.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka miwili. Jua lilikuwa limepanda, naye alikuwa na kiu. Niliposikia kikohozi na kugeuka, chupa ilikuwa mkononi mwake na shati limelowa.

Mama alitoka jikoni mbio. "Mtapisheni! Leteni maziwa!"

"Hapana mama, tafadhali. Asitapike."

Alinitazama kana kwamba nimepoteza akili. Lakini mafuta ya taa ni mepesi mno. Hatari yake kubwa si tumboni, ni kwenye mapafu. Mtoto akitapishwa, mafuta hupanda tena kooni na kuteleza kwenye njia ya hewa, na hapo mapafu huvimba. Maziwa nayo yanaweza kumletea kutapika.

Nilimvua nguo, nikamwosha ngozi kwa maji na sabuni, tukapanda bodaboda hadi zahanati. Chupa niliichukua ili mganga aone ni kitu gani na kimepungua kiasi gani. Walimweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa: kukohoa mfululizo, kupumua haraka, kusinzia kusiko kwa kawaida, midomo kugeuka bluu. Nilihesabu pumzi zake mchana kutwa. Jioni tulirudi naye, akiwa bado na kikohozi kidogo, amelala mgongoni kwangu.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Shangazi mtu, hata mimi niliiona ile chupa, nikanyamaza."

Masika yalipokuja, sebule ilikuwa kavu. Siku hizi dumu la mafuta ya taa linakaa juu ya kabati, kifuniko kimekazwa, na hakuna anayemimina kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kwa dakika mbili.

Mzazi mwenzangu, ukimaliza kusoma hapa, weka simu chini. Pita jikoni, pita stoo, pita uani. Tazama chupa zako.