Maua ya Vitambaa vya Mama

Kama ulikulia pande za Keroka au Nyansiongo miaka ya 70, unaikumbuka sebule ilivyopambwa kungojea wageni wa Sabato. Kila kiti kilikuwa na kitambaa chake mgongoni, redio ilikuwa na chake, hata sinia ya vikombe ilifunikwa. Vitambaa vyeupe pe, vimetiwa wanga, vimenyooshwa kwa pasi ya makaa, vinanukia sabuni ya mche na moshi kidogo. Ole wako mtoto ukikishika kimoja na mkono wenye mafuta ya mandazi!

Kina mama walidarizi alasiri, majani chai yakishapimwa. Wa kanisani walikuwepo, na wa Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza mwaka 1952. Kitambaa kilibanwa kati ya pete mbili za mbao, huku nyuzi na habari za kijiji zikipokezanwa. Mama alilowesha ncha ya uzi kwa mate, akafumba jicho moja, na uzi ukapita. Ua jekundu, jani la kijani, kisha zigizaga pindoni. Michoro ilinakiliwa kwa karatasi ya kaboni nyumba hata nyumba, lakini kila mmoja aliongeza lake.

Baadaye nilifika Tabaka, kwa wachonga mawe wa Kisii, na mlio wa tupa ulinipokea kabla sijaona jiwe. Wanaume walichonga, kina mama walisugua kwa msasa na maji. Kisha sahani ya jiwe ilipakwa rangi, na ikikauka ilichorwa kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe ukatokeza. Ukingoni niliona zigizaga ileile ya mama!

Tabaka ndiko alikotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Wanaochora kingo za sahani hawatajwi. Lakini kule Ukraine, Maria Prymachenko (1909–1997) alijifunza kudarizi kwa mama yake, akaja kuwa mchoraji anayejulikana duniani kwa maua na wanyama wake. Hata sisi tungeweza.

Siku hizi viti vinavikwa vitambaa vya dukani, na binti zetu wana shughuli nyingine. Siwalaumu, ingawa alasiri zile nazililia. Ila kabatini kwenu kikibaki kimoja, usikigeuze tambara. Mpe kijana anayepaka rangi akikague mbele na nyuma, maana mafundo ya nyuma ndiyo yatakayomfundisha kazi.