Mzigo wa Kukabidhi

Tunapozungumza juu ya imani wengi wetu hutaja milima inayong'oka na bahari inayotulia. Mimi Mungu alinifundisha kwa skeitibodi, ule ubao wenye magurudumu manne ambao vijana husimama juu yake na kuteleza.

Mume wangu alilala katika Bwana mwezi wa Februari, tukiwa Dallas, Marekani, mahali tulipoishi miaka 11. Alikuwa akifanya kazi ya usiku. Kila Jumamosi alipotoka kazini, kabla hajagusa kitanda, alimpeleka mwanetu kwenye uwanja wa mchezo huo, akakaa kwenye benchi na kikombe chake cha chai akimtazama. Ubao ule alimnunulia yeye. Alikuwa amemwahidi kwamba siku tutakapokwenda nyumbani Kenya, atampeleka Nairobi kwenye makao ya watoto ya Shangilia, ambako watoto wana uwanja wao wa kutelezea.

Washirika wenzetu walichanga, Mungu awabariki, tukapata fedha za kumsafirisha marehemu pamoja na nauli zetu. Mwanangu alikuwa na miaka 13. Hakuniomba kitu kingine ila ubao wake uende naye.

Niliuliza taratibu zake. Huko Marekani wakaguzi wa usalama huruhusu ubao wa namna hii, uwe mzigo wa mkononi au mzigo wa kukabidhi. Lakini kuingia nao ndani ya ndege ni uamuzi wa shirika lenyewe. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, hupendekeza mzigo wa mkononi usizidi urefu wa sentimita 56, na ubao wa kawaida hufika karibu sentimita 80. Mbao zinazotumia umeme zina masharti makali zaidi, kwa kuwa ubao wenye betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hauruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Wetu ulikuwa wa kusukuma kwa mguu tu, kwa hiyo tukabaki na neno moja: labda.

Usiku wa kuamkia safari tuliuandaa. Alikaza kila nati kwa spana, tukayafunga magurudumu kwa taulo, tukaandika jina na namba ya simu ya mjomba wake. Kisha tukautia kwenye mfuko mzito wa turubai.

Kwenye kaunta yule dada alituambia kwa upole kwamba ndege imejaa, ubao hauwezi kuingia ndani. Mwanangu aliukumbatia. "Mama, ukipotea je?" Yule dada akaeleza kwamba mzigo ukiharibika, msafiri huandika malalamiko ndani ya siku 7, na shirika huyashughulikia. Aliyosema ni kweli, lakini mtoto aliyefiwa hatulizwi na fomu. Wala mimi sikuwa na neno la kumpa.

Akaniuliza tena, "Baba amewekwa wapi?"

Nikamjibu kwamba jeneza limepokelewa upande wa mizigo, nalo litasafiri na ndege hiyo hiyo, chini ya miguu yetu. Alinyamaza kidogo. Kisha akauweka ubao juu ya mizani kwa mikono yake mwenyewe. "Basi uende na Baba," akasema.

Tulibadilisha ndege Amsterdam. Pale alisimama muda mrefu dirishani, akiyafuata kwa macho magari yanayovuta mizigo. Nilimkumbuka dada yake Musa. Mama yao alimficha mtoto miezi mitatu, na alipoona hawezi tena, alitengeneza kisafina, akakipaka lami mahali pote maji yangeweza kupenya, akakiweka kando ya mto. Binti akasimama mbali aone itakuwaje. Nilikuwa nimesoma habari hiyo mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipoiona ile lami. Mama yule alifanya kila lililokuwa katika uwezo wake, kwa bidii, na hata hivyo mto haukuwa wake. Ilimpasa aachilie.

Nairobi ubao ulitokea kwenye mkanda wa mizigo. Mwanangu aliufungua pale pale, akayazungusha magurudumu yote manne, akasikiliza beringi. Ulikuwa na mkwaruzo mmoja mpya pembeni. "Uko sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia mbele ya watu. Wajomba zake walikuwa wamekwenda upande wa pili wa uwanja kulipokea jeneza.

Kijijini kwetu barabara ni ya vumbi na mawe. Mahali pekee penye saruji laini ni baraza ya kanisa. Siku tatu baada ya mazishi nilisikia magurudumu yakinguruma huko, nikatoka mbio kwenda kumzuia. Nilimkuta mzee wa kanisa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, akimtazama. Akaniambia, "Mwache, mama. Hapa ni kwa Baba yake pia."

Ndugu msomaji, kuna siku utatakiwa kumweka mtu wako mikononi mwa wengine: mtoto anayekwenda shule ya bweni, mgonjwa anayeingizwa chumba cha upasuaji, mpenzi wako anayeteremshwa kaburini. Kaza nati zilizo zako kuzikaza. Andika jina. Paka lami. Usiseme ni imani kumbe ni uvivu. Halafu ukabidhi, hata kama mikono inatetemeka, kwa sababu Mungu hakutuagiza tuache kutetemeka kwanza.

Sisi tulikabidhi mara mbili siku ile. Ubao tuliupokea Nairobi. Mume wangu bado tunamngojea, nami namwamini Yeye aliyempokea.