Nani Atamuuliza Anayeuliza

Mwaka 1984 Kenya haikuwa na kamati ya Bunge yenye meno, wala mamlaka huru ya kuwachunguza askari. Chama kilikuwa kimoja na sauti ilikuwa moja. Hata hivyo, Februari ile wanajeshi walipowakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla na kuwaweka juani bila maji, mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif Mohamed, aliifikisha habari hiyo Bungeni na kuitaka serikali ijibu. Serikali ikaja kukiri vifo 57. Karibu miaka 30 baadaye, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema inaamini waliouawa walikaribia 1,000.

Sisi tulikuwa Isiolo, katika mtaa wa wajukuu wa askari Wasomali waliompigania Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha wakaachiwa mahali pa kufugia huko. Jina la Khalif lilitajwa kwa dua baada ya swala. Wazee hawakumwona kama mtu aliyeleta ushindi, kwa sababu hakuna aliyeadhibiwa. Kwao ilitosha kwamba swali limeulizwa mahali ambapo waziri hawezi kujifanya hakulisikia.

Novemba 1989 ikaja zamu yetu. Serikali iliamuru kila Msomali wa Kenya mwenye umri wa kuwa na kipande, yaani kitambulisho, afike mbele ya jopo kuthibitisha uraia wake. Watu walihojiwa kuhusu ukoo, nasaba na chifu wao. Aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kipande, ambacho peke yake hakikutosha tena. Mkenya wa jamii nyingine hakuhitaji kadi hiyo. Baba alikuwa mwalimu. Nusu ya vijana wa mtaa walijifunza kuandika majina yao kwake. Alipanga foleni, akajibu, akarudi na kadi ndani ya bahasha. Hakulalamika mbele yetu watoto. Mama ndiye aliyesema, akimmiminia chai, “Na huyo aliyekuuliza, yeye ataulizwa na nani?”

Katiba ya 2010 ilipopita nilidhani mama amejibiwa. Ibara ya 238 inaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Ibara ya 125 inazipa kamati za Bunge uwezo kama wa Mahakama Kuu: kumwita mtu yeyote, kumwapisha, kumlazimisha kuleta nyaraka. Mwaka 2011 sheria ikaunda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Khalif hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa ameshafariki, katika ajali ya ndege ya Busia, Januari 2003, akiwa waziri wa kazi.

Kisha likatokea shambulio la Westgate, 21 Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Kamati za Bunge zikaungana kuchunguza. Ripoti yao iligusa jambo ambalo kila familia ya kwetu inalijua: rushwa katika uhamiaji na usajili wa watu. Afisa anayemuuzia kipande asiyestahili ndiye huyo huyo anayemzungusha msichana wa Garissa miaka miwili kwa sababu hana cha kutoa. Uzi huo ungefuatwa hadi mwisho, ungewafikia wakubwa. Badala yake kamati ilipendekeza kambi za wakimbizi zifungwe, kana kwamba mama aliyekimbia Kismayu ndiye aliyeuza mihuri. Machi 2014 Bunge likaitupa ripoti nzima. Wabunge waliiona hafifu, na ilikuwa na kasoro kweli, lakini pamoja na mapendekezo mabaya yakatupwa maswali mazuri.

Siku chache baadaye mabomu yalilipuka Eastleigh, na msako wa Usalama Watch ukaanza. Maelfu walikamatwa. Wengine walisongamana katika seli za Pangani. Wengine walipelekwa uwanja wa Kasarani, tunakoishangilia Harambee Stars, uliotangazwa rasmi kuwa kituo cha polisi. Jamaa zangu wa Eastleigh walilala na viatu miguuni. Wabunge wa kwetu walipaza sauti hadharani, na nawashukuru, lakini sauti ya mkutano wa wanahabari si sawa na hati ya kumwita waziri. IPOA ilifanya kazi yake: Julai ikaandika kwamba msako ulikiuka Katiba. Ila IPOA husimamia polisi tu. Afisa wa uhamiaji aliye nyuma ya kaunta hayumo katika mamlaka yake.

Desemba mwaka huo huo, katika kikao cha vurugu, Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho. Majaji ndio waliolinda mpaka ambao wabunge walipewa waulinde.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza mwisho wa uchujaji wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Nilifurahi, na nilimpigia dada yangu simu kwa ajili ya wanawe. Lakini amri ya 1989 nayo ilitoka kwa wakubwa wa serikali, na kilichotolewa kwa tamko kinaweza kuondolewa kwa tamko. Ningependa kumsikia mbunge, wa kwetu au wa Nyeri, akimtaka waziri alete mezani idadi ya maombi yaliyokwama katika kila kaunti ya mpakani, sababu ya kila kukataliwa, na jina la afisa aliyetia sahihi. Na waziri akikosa, apewe tarehe ya kurudi, na akirudi awakute wabunge wameketi.