Mkono Unaoshika Kamba

Mto Luapula hutoka katika eneo la ziwa Bangweulu, hupita kati ya Kongo na Zambia, kisha huingia ziwa Mweru. Sisi wa Kasenga tunaishi ukingoni mwake. Tangu enzi za wafanyabiashara Wagiriki, samaki wengi wanaoliwa Lubumbashi wamepita kwanza katika mikono ya watu wa kwetu. Mikono hiyo ndiyo tunayotaka kuitafakari pamoja nanyi, vijana wapenzi.

Anayevuta wavu wa nailoni alfajiri hushika uzi mwembamba unaokata ngozi, hasa ngozi iliyokwisha kulainishwa na maji. Miiba ya mapezi nayo huchoma. Jeraha dogo hushinda limelowa, halifungi, na baada ya siku chache mkono huvimba. Asiyeweza kushika kafi hana wa kumlipa: siku asiyoingia majini ni siku ambayo sufuria ya nyumbani haitiwi kitu. Ndiyo sababu, kikundi chetu kilipofikiria kutumia akiba yake ndogo kununua glavu, tulijadiliana jioni tatu.

Walikuwapo waliosema kwamba mikono migumu ni heshima ya mvuvi, na glavu ni za wanaoogopa kazi. Hoja hiyo tuliisikiliza, kwa maana sugu kweli ni kinga. Lakini sugu huja polepole, na anayeanza kazi bado hajaipata. Tena tulikumbushana habari za watu wasioitwa waoga: wale wanaosimama juu ya ubao wenye tanga na kukimbizwa na upepo, mchezo ulioingia katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984 na unaochezwa hata katika pwani ya Kenya na Zanzibar. Baadhi yao huvaa glavu, na wanatufundisha jambo moja: glavu nene si lazima iwe glavu bora. Unene huvilazimisha vidole kubana zaidi ili kushika kitu kilekile, na misuli ya kigasha huchoka mapema. Glavu njema hulinda ngozi bila kuuibia mkono nguvu zake.

Basi tulikwenda sokoni na kipande cha kamba iliyolowa, tukajaribu kila aina. Ya pamba tupu hunywa maji, ikawa nzito na kuteleza. Ya ngozi hushika vizuri ikiwa kavu, lakini ikilowa na kuanikwa juani hukakamaa kama gome. Ya plastiki laini huzuia maji, ila utelezi wa samaki huishinda. Iliyotufaa ni ile ya kufumwa, ambayo kiganja chake kimechovywa katika mpira wenye mikunjo midogo: mikunjo huyapa maji njia ya kutoka, nao mpira huing'ang'ania kamba, huku mgongo wa mkono ukipata hewa. Udhaifu wake ni mafuta. Petroli huvimbisha na kuharibu mpira wa asili, kwa hiyo mwenye kushughulikia injini anahitaji glavu ya naitrili.

Kipimo nacho kina neno lake. Vaa, kunja ngumi, kisha ufungue. Kitambaa kikijikusanya kiganjani, glavu ni kubwa nayo italeta malengelenge. Vidole vikifa ganzi, ni ndogo. Jaribu kufunga fundo, kwa maana asiyeweza kufunga fundo ataivua glavu katikati ya kazi na kuisahau.

Tulikubaliana pia juu ya mambo ambayo glavu haiwezi kuyafanya. Haimlindi aliyejizungushia kamba mkononi. Mzigo ukivutwa ghafla, mkono huenda nao. Karibu na sehemu za injini zinazozunguka, glavu iliyolegea ni mtego, heri mkono mtupu. Na baada ya kazi huoshwa kwa maji safi na kuanikwa kivulini, kwa kuwa jua huulisha mpira uchakavu.

Fedha zetu zilitosha jozi kumi na mbili. Hapo ndipo dada mmoja wa kikundi alipouliza: je, anayepasua samaki ufukweni tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisu mkono mmoja na miiba mkono wa pili, mkono wake si mkono? Hakuna aliyepata la kumjibu. Jozi saba zikaenda kwa wavutao nyavu na tano kwa mama zetu wa ufukweni. Wavuvi wawili waliokuwa wamehesabiwa mwanzoni walikosa, nao walijua sababu. Mmoja alinung'unika; mwingine alisema mama yake ni mmoja wa wale watano.

Vijana wapenzi, katika kila parokia kuna kazi inayokula mikono: kuchimba, kufua, kuponda mawe, kubeba mkaa. Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuhesabu akiba, angalianeni viganja. Kisha tujiulize kwa unyofu: ni mkono wa nani tumeuzoea kiasi cha kutouona tena?